Nyota ya Zulma

Wafumaji wa kiwanda kile cha kando ya Mto Leie hawakuwa watu wa kuogopa ovyo. Kelele za mitambo walizizoea, vumbi la sufu walilimeza pamoja na kahawa. Lakini nyota waliiogopa, na Zulma Dewaele aliiogopa kuliko wote.

Ilikuwa kwenye pazia la ukutani, lililofumwa kwa kuiga kitambaa ambacho watu wa kale walikitarizi kwa sindano: mfalme kakaa kitini, watu wake wamekodoa macho juu, vidole vimenyooka, na juu yao nyota ya mkia inapita na nuksi yake. Mapazia ya picha hiyo Zulma aliyafuma tangu usichana, na tangu usichana alipewa sharti: nyota ukiianza, imalize. Usiiache nusu mtamboni ukaenda kulala. Aliyemfundisha alimtajia na mwenzao aliyepuuza, akamzika mumewe wiki ileile. Padri hakuambiwa habari hizo.

Jumamosi hiyo nyota ilikuwa imefika nusu, na adhuhuri kiwanda kizima huzimwa hadi Jumatatu. Mitambo ile hufuma picha ikiwa imeangalia chini. Mfumaji huona mgongo tu, nyuzi zilizovurugika zisizo na sura. Ndiyo maana kila mmoja ana kioo kidogo cha kupitisha chini ya kitambaa. Zulma alikipitisha, akaona nusu nyota ya manjano. Halafu uzi wa manjano ukamwishia.

"Bado unaibembeleza?" aliuliza Gentiel, fundi wa mitambo, akipita na mkebe wa mafuta. "Ilishe haraka, dada, isije ikapata njaa ikamla Odiel."

"Mdomo wako huo, Gentiel. Ndiyo maana hata paka wa mama yako amehama."

Gentiel akacheka. Odiel, mume wa Zulma, alikuwa amelazwa hospitali mjini Kortrijk kwa ugonjwa wa moyo, angepasuliwa Jumanne. Hilo kila mtu alilijua.

Zulma alikuwa hata hajafika stoo kuchukua uzi mwingine alipokutana na binti wa ofisini, anahema. Hospitali wamepiga simu. Odiel amezidiwa. Wanampasua leo.

Zulma akageuka kuutazama mtambo.

"Nenda," alisema Gentiel. Hakuwa akicheka tena.

"Iko nusu, Gentiel."

"Nenda, mama. Ni sufu tu hiyo."

Alikwenda kwa baiskeli, aproni ingali kiunoni, kioo mfukoni kikimgonga paja. Upepo wa mtoni ulimjia usoni. Moshi wa bomba la kiwanda cha ng'ambo ulilala angani kama mkia, naye akainamisha kichwa asiuone.

Odiel alikuwa mweupe kama pamba isiyotiwa rangi. Naye alikuwa mfumaji, kabla moyo haujamtoa mtamboni. Manesi walikwishashika kitanda wamsukume.

"Leo ulikuwa kwenye pazia gani?" alinong'ona.

"La mfalme."

Macho yake yakasimama. "Umeimaliza?"

"Nimeimaliza."

"Ukaiangalia kwa kioo?"

Zulma akatia mkono mfukoni, akakitoa. "Si hiki hapa, mume wangu?"

Odiel akashusha pumzi, akawaachia wamchukue. Zulma akabaki kwenye korido na kile kioo kiganjani. Kusali hakuweza. Angeanzaje, na uongo ungali mbichi mdomoni?

Odiel alitoka hai. Jumapili alikuwa hai. Daktari alisema tu wangoje, na Zulma alingoja huku akiiona ile nusu nyota ikining'inia gizani.

Jumatatu aliwahi kiwandani kabla ya wenzake. Mtambo haukuwa alivyouacha. Kitambaa kilikuwa kimesogea. Akapitisha kioo chini. Nyota ilikuwa nzima, ila nusu yake ya juu ilikuwa kijani.

Gentiel alisimama nyuma yake. "Umeme ulikuwa umezimwa," alisema. "Nilizungusha gurudumu kwa mkono, uzi kwa uzi. Stoo giza, nikadhani ni manjano. Na kioo ulikwenda nacho."

"Si ulisema ni sufu tu?"

"Ni sufu tu," alisema Gentiel, akificha viganja vilivyochubuka. Zulma alitaka kumuuliza alimaliza saa ngapi, kabla Odiel hajaingizwa chumba cha upasuaji au baada ya hapo. Akaogopa jibu.

Pazia lilitolewa kama bovu. Zulma alilibeba nyumbani, akalitundika chumbani, maana kulitupa alihofia zaidi. Odiel aliporudi, mwembamba, anatembea kwa kushika ukuta, alilala akalitazama kwa muda.

"Ndiyo ile uliyoimaliza?"

"Ndiyo hiyo."

"Kioo ulikuwa nacho," alisema Odiel taratibu. "Ulinionyesha. Mwenye kioo angeiona kijani."

Zulma alikunja aproni, akaikunjua, akaikunja tena. Odiel akageukia upande wa pili, mkono juu ya kidonda.

"Taa usizime," alisema.

Naye hakuizima.