Kamera Niliyoifunga Kibanjani kwa Mzee

Nilijifunza peke yangu kutega kamera za wanyama, kwa video za kwenye simu na daftari moja ambalo nimeliandika upya mara tatu kwa sababu mistari haikunyooka. Nalisema hili mapema ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyefika kwenye kibanja cha mzee mmoja, shamba la migomba na mibuni kuzunguka nyumba yake, upande wa Kyerwa, karibu na mpaka wa hifadhi. Niliogopa kukosea zaidi kuliko nilivyomwogopa chui.

Chui, au mnyama ambaye mzee alimwita chui, alikuwa ameua mbuzi wake wa pili. Nusu ya mzoga ilibaki chini ya mibuni. Mzee alitaka kuupaka dawa ya kunyunyizia kahawa ili mnyama akirudi ale, afe. Nilimwomba anipe siku tatu. Mradi wa kulinda wanyama ulionipa kamera ungemjengea zizi la wavu, lakini ulitaka kwanza picha ya mnyama mwenyewe.

"Ijumaa asubuhi usiponionyesha chui, naupaka," alisema. "Usije ukanililia."

"Na kabla ya Ijumaa hutaugusa?"

"Wewe kijana, unaniuliza mara ya ngapi?"

Ilikuwa mara ya nne. Sikumwamini.

Jumatano asubuhi nilikuta kadi ya kamera niliyoifunga mbele ya mzoga imejaa picha za majani. Jani la mgomba likiyumba kwa upepo, kamera hudhani ni mnyama ikapiga. Picha mamia kwa mamia, zote kijani. Video nilizojifunzia zilipigwa kwenye misitu isiyo na mgomba hata mmoja. Sikutaka mzee ajue. Nilichomoa panga kwenye mkoba, nikakata majani matatu yaliyoning'inia mbele ya lenzi, nikayafukia chini ya nyasi zilizotandazwa shambani, nikaondoka haraka.

Alhamisi nilikuta kamera imegeuzwa. Ilitazama shina la mgomba, karibu kabisa, kama mtoto aliyepewa adhabu. Nikajiambia: ameshapaka dawa, na hakutaka kuonekana. Nilipiga magoti nikaunusa mzoga hadi nikatapika, lakini sikuweza kutofautisha dawa na uozo. Nikachomeka kadi kwenye simu. Picha ya mwisho kabla ya shina ilionyesha kifua cha koti la kahawia lenye vifungo viwili, cha tatu hakipo. Koti la mzee.

Nilimkuta uani, mkewe akimenya ndizi.

"Mzee, kwa nini umegeuza kamera?"

Mkewe aliacha kisu. "Siku hizi ndivyo mnavyoamkia watu?"

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba," mzee alisema bila kuinuka. "Nani amekata majani ya migomba yangu?"

Niliinamia simu yangu.

"Tangu ulete hicho kitu, migomba yangu inakatwa, ndiyo maana nimekigeuza. Si ulisema kinaona kila kitu? Basi kinionyeshe mtu huyo."

Nimezaliwa Kituntu, nimekulia ndani ya migomba. Najua kwamba kwetu hukati jani la mtu bila kumwambia, hata la kufunikia sufuria. Mwenye kibanja akikuta limekatwa, hawazi kamera, anawaza adui. Tangu Jumatano mzee alikuwa akiwapitisha majirani zake kichwani, mmoja mmoja.

Picha ilikuwepo. Mimi mwenyewe, koti la mvua la njano, panga mkononi, ulimi nje. Kidole changu kilisimama juu ya alama ya kufuta, na nakiri kilikaa hapo muda mrefu. Kilichonizuia si uaminifu. Niliwaza tu kwamba nikiifuta, picha yoyote nitakayomletea Ijumaa atashuku nimeichezea. Nikampa simu.

Mkewe alichungulia, akaangua kicheko. "Adui mwenyewe ndiye huyu? Hata panga hajui kulishika!"

Mzee hakucheka. "Unataka nikuamini, halafu unaingia kibanjani kwangu kama mwizi."

"Na dawa, mzee? Umepaka?"

"Nilisema Ijumaa."

Niliirudisha kamera mahali pake, yeye akiwa amesimama nyuma yangu.

Ijumaa ilikuwepo picha moja tu ya maana: mkia na paja lenye madoa, vyote vikiwa na ukungu. Nilitamani kuificha, niombe siku nyingine nipate iliyo safi. Nilimpa simu hivyo hivyo.

"Haikutulia, mzee. Mwanga ulikuwa—"

"Nimekuuliza mwanga? Huu mkia si wa mbwa."

Alichukua jembe, akachimba shimo, akauvuta mzoga kwa kamba. Nilibaki nikiichunguza mikono yake, kama ataiepusha na ile nyama jinsi mtu anavyoepuka sumu. Aliishika bila kujali. Hata hilo halikunitosha. Nilizunguka mibuni yote nikitafuta mnyama aliyekufa, sikuona kitu.

"Bado unanichunguza," alisema niliporudi.

"Ndiyo, mzee."

"Haya, chunguza. Ukimaliza waambie walete wavu. Nina mbuzi wanne."

Nilisubiri hadi udongo wote uliporudi shimoni, ndipo nikawapigia simu watu wa mradi.