Bibi na Mlango Mwepesi

Mwaka wa 1979, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alikufa na shule ikaniishia darasa la tano, nikahamia kwa bibi. Wiki jana nilipita Changamwe, mtaa wa bibi, harufu ya gundi ya faiba kutoka gereji moja ikanichoma pua, nikasimama. Ndugu yangu, harufu ile ndiyo iliyonilea.

Bibi aliuza nazi barazani. Uani alimpangisha fundi kutoka bara, aliyetengeneza milango na boneti za faiba za magari ya mashindano. Mimi, binti mdogo, ndiye niliyepaka gundi juu ya nyuzi za kioo, safu kwa safu, na chakula chetu cha jioni kilitoka hapo. Mikono iliwasha mpaka nikalia. Fundi alinifunza kunawa maji baridi. Ya moto yazidisha.

Bibi hakumwamini. Nazi aliipima mkononi: nzito ni nzima, nyepesi ni mbovu, hapana la tatu. Siku moja akaunyanyua mlango uliokauka kwa vidole viwili, akautua polepole.

"Mlango wa chuma aliouleta yule dereva wa mashindano u wapi?"

"Nilitoa kalibu ya umbo lake tu, Bibi. Nimeshamrudishia."

"Wachukua chuma cha mtu, wampa mkate wa boflo. Akija namwambia mwenyewe. Mwizi hakai kwangu."

Fundi angefukuzwa, tungekula nini?

Dereva alikuja baada ya adhuhuri. Bibi akamsimamisha mlangoni, ameushika ule wa faiba. "Mwanangu, waibiwa. Mlango huu hauna kitu ndani."

Dereva akaupima, akacheka. "Shikamoo, Bibi. Chuma changu ninacho nyumbani. Huu wepesi ndio nilioufuata. Gari likiwa zito, nashindwa."

"Wallahi," bibi akasema, "sijaona mtu anunuaye upungufu."

Fundi akabaki, nami nikabaki na kazi yangu. Ila tangu siku ile bibi aliwashuku wote wawili, fundi na dereva.

Bibi hayupo tena. Fundi alirudi kwao, na ua ule sasa ni maegesho ya malori. Siku hizi watu wanishuku kwa sababu ya mali. Wa kushuku kwa kumhurumia mtu, kama bibi, wameisha. Sikusoma, wala sioni haya kusema. Nina karakana Miritini, kalibu thelathini za milango na boneti, nyumba ya mawe ya vyumba vitano, pikapu moja, na hati ya kiwanja kwa jina langu.