Bidii ya Juma

Tukisubiri umeme urudi kwenye duka la fotokopi hapa Same, mwalimu mmoja alimpa binti yake wa darasa la pili hadithi fupi kitabuni asome. Ilisema hivi: Juma aliamka kabla ya jua, akafungua mfereji wa maji ya mashamba peke yake, akamwagilia maharage.

"Haya, Juma ni mtoto wa namna gani?"

"Mwizi."

"Soma tena. Kitabu kinasema ana bidii."

"Mama, mfereji unafunguliwa kwa zamu, msimamizi akiwepo. Mbona yeye kaenda peke yake, tena giza bado?"

Mwalimu akakifunga kitabu taratibu. Mzee mmoja kwenye benchi, mkulima aliyeshuka kutoka milimani kwenye mifereji ya zamu kama hiyo, akavua miwani.

"Samahani, mwalimu. Huyo Juma ni wa kitongoji gani?"

Wanaosema watoto wetu hawaelewi wanachosoma, waje wamsaidie mwalimu kumjibu mzee.