Katoni Niliyoichana Mbele ya Wakubwa

Ninyi mliokulia pamoja nami katika kambi za wafanyakazi wa shaba hapa Lubumbashi, hamhitaji kuelezwa saluni zetu, yaani sebule, zilivyokuwa. Viti vyenye vitambaa vya krosheti, redio iliyofunikwa kama mgonjwa, kabati la vyombo, na juu ya kabati, karibu na dari, kichezeo cha mtoto ndani ya katoni yake.

Mwisho wa mwaka kampuni iliwagawia watoto wa wafanyakazi vichezeo. Tulipangwa uwanjani tumepakwa mafuta hadi magoti yanang'aa, tukaimba na kucheza ngoma za kusifu chama tawala kama tulivyofundishwa shuleni, kisha kila mmoja akapewa chake. Furaha iliishia mlangoni. Baba alikipokea, akakitazama kupitia dirisha lake la plastiki, akakipandisha juu ya kabati. Nyumba ambayo vichezeo vyake vimefunguliwa ilisemwa haina adabu. Na mama alikuwa na msemo wake: "Tazameni na macho. Jicho haibomoe kintu."

Basi tukatazama. Kucheza tulichezea nje, kwa magari ya waya tuliyoyakunja wenyewe, na vichuguu vya udongo mwekundu tulivyoteremka kwa makalio mpaka kaptula zikatoboka. King'ora cha kiwanda kilipolia tulirudi na moshi wa bomba kubwa kooni, tukala bukari, ugali wetu, na dagaa wakavu wa ndakala bila kubembelezwa na mtu. Kijana wa leo ukimwambia gari letu halikuendeshwa kwa kukaa, ilibidi ulikimbilie nyuma, anakuonea huruma.

Kichezeo cha mwisho kuingia kwetu kilikuwa lori jekundu la chuma. Alipewa Ilunga, kitinda mimba wetu, ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Mwaka uliofuata mama alifariki, na baba hakukawia kumfuata. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyumba ilikuwa ya kampuni, ilibidi tuiache.

Kilio kilipoisha, ndugu wa baba waliketi saluni kugawana vitu, kama desturi ilivyotaka. Redio ilikwenda kwa huyu, baiskeli kwa yule, viti vikatolewa nje na vitambaa vyake. Msichana hakusema mbele ya baba zake, na tayari nilijua kwamba shule yangu nayo imekwisha, maana nani angewapikia wadogo zangu? Kisha baba mukubwa, kaka yake baba, akanyoosha kidole juu ya kabati. Alisema kwamba lile lori atalipeleka kwake, litakaa vizuri, safi, bila kuguswa.

"Itabakia mu karton yake," alisema. "Hii njo ukumbusho wa ndugu yangu. Batoto batabomoa tu."

Shangazi zangu wakatikisa vichwa kukubali. Hakuwa na nia mbaya, nasema hivyo hadi leo. Kwake, kitu kilichofungwa ndicho kilichoheshimiwa. Lakini Ilunga alikuwa amesimama chini ya kabati, shingo nyuma, kama alivyosimama kila siku tangu tumzike baba. Hakulia wala hakuomba. Alikuwa anatazama kwa macho, kama alivyofundishwa.

Nikapanda kwenye kiti kilichobaki, nikaiteremsha katoni kana kwamba nataka kupangusa vumbi. Nikaichana. Plastiki ilipasuka kwa sauti ambayo saluni nzima iliisikia. Nikaliweka lori sakafuni, mbele ya miguu ya mdogo wangu.

"Weye mutoto, umebomoa kintu," baba mukubwa akasema polepole.

"Sikubomoa, baba mukubwa. Nimeifungua. Iko ya Ilunga."

Akanitazama, akaitazama katoni iliyochanika, kisha lori, ambalo tayari lilikuwa linapita chini ya meza. Kichezeo kisicho na katoni hakipandi juu ya kabati la mtu. Wakabeba kabati. Lori wakaliacha.

Tulihamia chumba kimoja katika mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, nikauza mkate na mandazi, na lile lori likabeba mchanga, mahindi mabichi, hata paka wa jirani. Likapoteza taa, likapoteza mlango, mwishowe magurudumu. Halikufika utu uzima.

Siku hizi mtoto wa Ilunga, mtu mzima mwenye kazi mjini, hununua vichezeo na kuvipanga ukutani ndani ya katoni zake. Hunawa mikono kabla ya kugusa katoni, si kichezeo. Nilipomsimulia habari hii alishika kichwa, akasema, "Tantine, ulifanya kosa. Ungeiacha ilivyo, ingekuwa leo kitu cha thamani." Nikamjibu kwamba nikirudishwa saluni ile sasa hivi, nitaichana tena, na safari hii sitajisumbua kudanganya habari za vumbi.

Enzi zetu vitu vilikuwa vichache na vilikufa mapema. Leo ni vingi, havizeeki, na havina aliyevishika. Ilunga hakumbuki sura ya baba; alikuwa mdogo mno, na picha zote zilikwenda na wakubwa. Lakini muulize habari za lori alilopewa kupitia kazi ya baba. Atakuambia lilivyokuwa baridi asubuhi, harufu ya mpira wake, na kilio cha gurudumu la nyuma upande wa kushoto, na atakiiga mwenyewe kwa mdomo, mzee mzima mwenye mvi.