Vali ya Silinda ya Tatu

Zamani mtu alinunua vocho kwa sababu hakuwa na uwezo wa kununua gari jingine lolote. Siku hizi mtu ananunua vocho kwa sababu magari mengine yote anayo tayari.

Refugio Ontiveros, ambaye mtaa mzima wa Cuautepec ulimwita Don Cuco, alikuwa mtu wa zamani hizo. Vocho lake, lile gari la mgongo wa kobe lenye injini nyuma, injini inayopozwa kwa upepo na isiyojua maji ni kitu gani, lilikuwa la mwaka sitini na nane. Alilifanyia teksi miaka ishirini na sita. Aling'oa kiti cha mbele cha abiria kama walivyofanya wenzake wote, akafunga kamba mlangoni, ili abiria akishashuka yeye avute tu na mlango ujifunge bila kuinuka. Kwa gari hilo alisomesha mabinti wawili, akamzika mke, akapata na maumivu ya kiuno ambayo hayakumwacha tena. Shule aliishia darasa la nne. Mengine yote alijifunza kwa sikio.

Gari likipandisha kilima cha Cuautepec, naye amekaa mlangoni kwake anamenya karanga, alisema bila kuinua uso, "Huyo plagi moja imekufa," au, "Huyo klachi haimalizi wiki." Hakukosea, na hakuwa mtu wa kukaa na ushindi wake kimya. Madereva walimheshimu kwa sikio lake na kumchukia kwa ulimi wake.

Mwaka tisini na nne, yeye na rafiki yake Nabor, pamoja na madereva wengine saba, walianzisha chama. Hakikuwa na kadi wala fulana. Jumapili moja kila mwezi walipandisha vocho zao barabara ya zamani ya mlimani mpaka Tres Marías, wakanywa supu ya uyoga, wakala mikate ya mahindi yenye jibini, wakarudi. Sheria ilikuwa moja tu: gari bovu kuliko yote ndilo linaloongoza. Wengine wote hufuata mwendo wake, na hakuna ruhusa ya kulipita hata barabara ikiwa nyeupe. Mwenye gari zuri alikaa nyuma akavuta moshi wa wenzake, na hakunung'unika, kwa kuwa alijua mwezi ujao huenda bovu likawa lake.

Kisha teksi za vocho zikapigwa marufuku jijini. Madereva wakauza, mmoja baada ya mwingine. Nabor akafa kwa ugonjwa wa figo. Wale saba nao wakafa, au wakahamia kwa watoto wao, jambo ambalo Don Cuco aliliona halina tofauti kubwa na kufa. Nafasi zao zikachukuliwa na watu wapya: mawakili, wenye maduka, na daktari wa meno aitwaye Lizárraga, mwenye vocho la mwaka hamsini na saba, lile lenye kioo cha nyuma kidogo kama yai, na injini ambayo namba yake ya kiwandani ililingana na karatasi zake mpaka tarakimu ya mwisho. Don Cuco hakuwahi kumuuliza amelitoa wapi. Aliona watu wa namna hiyo hununua, basi.

Wapya walileta kadi, fulana na kamati. Wakaigeuza sheria: zuri mbele, bovu nyuma. Don Cuco akawekwa mkiani na sanduku lake la spana, ili atakayeharibikiwa njiani amkute hapo. "Huyu ndiye ambulensi yetu," walisema, wakicheka mbele yake. Miaka kumi na moja alilala chali kando ya barabara chini ya magari yao, na wao wakamlipa kwa kumpigapiga begani.

Alibaki kwa sababu ya ahadi. Lizárraga, akiwa mwenyekiti, alitamka mbele ya wote kwamba siku chama kitakapotimiza miaka thelathini, mwanzilishi ataongoza msafara mpaka Tres Marías kwa gari lake mwenyewe. Mzee aliishi kwa maneno hayo miaka miwili. Akabadilisha breki. Akapaka rangi kwa mkono wake, buluu ileile ya zamani, amepiga magoti uani wiki nzima. Kile kiti cha mbele, kilichokaa chumbani mwake tangu alipokuwa kijana, akakirudisha mahali pake, kwa kuwa alimwomba Doña Eduviges, mjane wa Nabor, akae ubavuni mwake siku hiyo. Aliwatangazia mabinti zake. Alimtangazia hata muuza mikate, mara tatu.

Siku ikafika, Jumapili ya Novemba. Vocho arobaini zilijipanga Tlalpan chini ya mlima. Yadira, katibu wa chama, akamfuata na orodha yake mkononi.

"Don Cuco, leo umependeza kweli. Lete funguo."

"Funguo za nini?"

"Gari lako linabaki hapa. Wewe na bibi mnapanda na Daktari, mbele kabisa. Si ulitaka kuongoza?"

"Nilitaka kuongoza. Sikutaka kubebwa."

Yadira akapunguza sauti, lakini si sana. "Kuna watu wa picha, babu. Na ile rangi, umepakia nini? Ufagio?"

Waliokuwa karibu wakacheka. "Mwacheni mzee," mmoja akasema, "ni rangi ya jikoni iliyobaki. Hataki itupwe."

Daktari Lizárraga akaja amevaa glavu za ngozi, akamvika mzee medali shingoni na kumkumbatia. "Baba yangu, usituharibie siku," alimwambia sikioni. Wakati huohuo vijana wanne walikuwa wakilisukuma vocho la buluu kwa mikono, wakalificha nyuma ya lori la kabichi lisije likaonekana pichani. Hawakumficha kwamba wanalificha.

"Twende nyumbani, shemeji," Eduviges alisema.

"Niliahidiwa mlima. Nitaupanda."

Wakapanda, Don Cuco mbele, Eduviges nyuma, daktari kwenye usukani, na magari thelathini na manane nyuma yao.

"Sikiliza," Lizárraga alisema walipoanza mwinuko. "Hakuna kelele. Kimya kama hospitali."

Don Cuco alikuwa amekwisha kusikiliza. Injini ya vocho yenye afya hupiga tik-tik kama cherehani. Hiyo ni sauti ya vali zenye nafasi ya kujifunga na kupoa. Vali inayonyamaza imekosa nafasi, haifungi, inaungua taratibu. Na hapa ilinyamaza ya silinda ya tatu, ile iliyojificha nyuma ya kipoza oili, isiyopata upepo wa kutosha hata siku njema.

"Vali ameziseti nani?"

"Fundi wangu, jana. Kijana kasomea huyo. Nilirudi matembezini, robo saa tu kamaliza."

Injini ya moto, yaani. Cuautepec, hata mtoto wa kuosha magari alijua kwamba vali za vocho haziguswi mpaka injini ilale usiku kucha, ipoe kiasi kwamba unaweza kuiegemezea shavu. Ukiziseti moto, ikipoa nafasi yote imekwisha.

Don Cuco akafungua kinywa. Sentensi moja ingetosha: simama, zima, tuseti upya kesho. Wakapita San Pedro Mártir kinywa kikiwa bado wazi. Kisha akawaza lori la kabichi.

"Kazi safi," alisema. "Imetulia."

"Si nilikwambia? Nyie wazee mnadhani gari lisipopiga makelele halijafanya kazi."

"Hilo haliogopi mlima, Daktari. Ila watu wa picha wametutangulia Parres, juu huko. Wakikuona unajikongoja hivi, watasema ni gari la kabatini."

"Watasema hivyo?"

"Mimi ningesema. Ikanyage."

Daktari akaikanyaga. Walipopita Topilejo, Eduviges akainamia mbele. Alikuwa mke wa dereva miaka thelathini na mitano.

"Samahani, Daktari, mbona halilii?"

"Ndiyo raha yake hiyo, mama."

Akakitazama kisogo cha Don Cuco. "Shemeji?"

Don Cuco aliangalia nje, kwenye mashamba ya shayiri. "Liko sawa, shemeji."

Kilomita mbili kabla ya Parres kikasikika kitu kidogo, kama kijiko kilichoangukia kwenye kinu. Halafu pigo, halafu mapigo mengi kwa pamoja, na oili ikamwagika nyuma yao kama mbuzi amechinjwa barabarani. Daktari akasimamisha pembeni. Magari mengine yakawapita yakipiga honi, simu zimetolewa madirishani, kwa kuwa wapiga picha walikuwa mbele na hakuna aliyetaka kuzikosa picha. Ni mawili tu yaliyosimama.

Lizárraga akafungua kifuniko cha nyuma. Bloku la injini lilikuwa na tundu la kuingiza ngumi, na ufa umeikata ile namba ya kiwandani katikati. Akavua glavu, akapiga magoti kwenye oili.

"Don Cuco, njoo utazame. Inatengenezeka?"

"Hapana."

"Marehemu baba alinipeleka shule na hili," daktari alisema, akiongea na injini. "Mvua, baridi, kila siku. Alifia kwenye usukani wake. Itakuwepo namna."

"Nyingine utapata. Hii ndiyo basi." Alilitamka taratibu, jinsi wao madaktari wanavyotamka, na alilionea utamu.

Eduviges alikuwa ameshuka. "Uliisikia," alisema.

"Niliisikia."

"Tangu wapi?"

"Tangu Tlalpan."

Lizárraga akainua uso. Hakupaza sauti. "Na ukaniambia nikanyage."

"Mmeliweka gari langu nyuma ya kabichi."

"Nabor angezima injini palepale," Eduviges alisema, "hata kama gari ni la mtu aliyemtemea mate."

"Nabor amekufa."

"Najua. Nilidhani umebaki wewe."

Don Cuco akavuka barabara, akalipungia basi la kuteremka mjini, likasimama. Akapata kiti cha dirishani. Upande wa pili Eduviges alikuwa amevua shali yake, shali ya kanisani, anamfuta daktari oili mikononi, kidole kimoja kimoja kama anavyofutwa mtoto, na vijana wawili wa yale magari yaliyosimama walikuwa wakiokota vipande vya chuma lamini na kuvitia kwenye kofia. Basi lilipowapita hakuna aliyegeuka. Barabara ikapinda. Mpaka alipokufa hakuwaona tena.