Shangazi Aliyeoza Viazi

Juzi nilifungua gunia la viazi kutoka soko la Kongowea, harufu ikanipiga usoni. Kiazi kimoja kibovu, nawaambia, kinatosha kuhamisha nyumba nzima. Wenzangu waliziba pua. Mimi nilicheka peke yangu, maana harufu ile hunirudisha kwa Shangazi Zuhura.

Tulikaa Bombolulu kwa bibi, mamake baba, aliyeuza viazi karai barazani. Jioni mtaa ulinukia bizari na ukwaju, watu wakila wamesimama, wakijiunguza midomo. Bibi alikuwa na ulimi mkali, lakini asiye na kitu naye hakuondoka na njaa. Zuhura alikuwa kitinda mimba wake. Alifanya kazi bara, kwenye shamba la utafiti, na kila aliyeuliza ni kazi gani, bibi alikunja uso akajibu, "Anaoza viazi."

Kilichomkera hasa ilikuwa posa. Mwenye duka la vitambaa Likoni, mtu wa heshima zake, alimtaka Zuhura, ila kwa sharti kwamba akishamwoa akae nyumbani. Bibi alikuwa radhi. Zuhura hakusema ndiyo wala la, na likizo yake ya mwaka ule ilikuwa ya kutoa jibu.

Mwaka huohuo mvua za bara zilizidi. Viazi vilikuja na mabaka ya hudhurungi, ukivikata vimekufa ndani, na havikukawia kuwa maji. Karai likaegemezwa ukutani. Nami kwa akili zangu za darasa la pili nikaunganisha mambo: viazi vya bibi vinaoza, na shangazi ndiye anayeviozesha huko. Alipofika nikamnyima shikamoo.

"Mbona mwanangu amenuna?" aliuliza. Nikamwambia yote.

Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akatoa mkobani tunda la kijani, dogo kama nyanya changa. Wallahi sikujua kiazi kina tunda. Alilipasua kwa kucha, akanionyesha mbegu ndogo kuliko ufuta. Ni kuoza kwa harusi, akaniambia. Huchukua unga wa ua moja kwa brashi, akaupaka ua jingine, kisha akalifunika kitambaa kama bibi arusi. Watoto wa mbegu hizo wakishaota, huwapeleka makusudi kwenye ugonjwa; wengi hufa, na wanaopona ndio anaowaoza tena.

"Navioza ili visioze," alisema.

Bibi, aliyekuwa akichagua mchele, alidakia. Kwa nini asitafute kiazi kimoja sugu, akavioza vyote kwake, kazi ikaisha?

"Mama, ugonjwa nao hujifunza. Ukishamzoea mlinzi mmoja, unampita. Nataka mtoto arithi kinga kwa baba, kwa mama, na kwa mababu wa pande zote. Hiyo ndiyo hudumu. Lakini ni kazi ya miaka, na nikiiacha sasa inakufa."

"Kama ndoa," bibi akasema polepole. "Haishikwi na bwana arusi. Inashikwa na ukoo."

Shangazi alikuwa amekuja na viazi vichache vilivyopona. Bibi alivichemsha, akavivingirisha kwenye unga wa manjano, akavikaanga. Alikula kimoja. Akala cha pili. Sisi tulimtazama mdomo tu. Alipomaliza alipangusa mikono kwenye leso. "Rudi shambani kwako," alisema. "Watu wa Likoni nitawajibu mimi."

Zuhura alilia waziwazi, nami nikampa ile shikamoo niliyokuwa nimemnyima.

Kwa miaka niliamini kwamba utamu wa vile viazi ndio uliomshinda bibi. Nilipokuwa mtu mzima, siku moja nikimsaidia kumenya, nilimuuliza vilikuwa na ladha gani.

"Vibaya," alisema. "Maji matupu, na vimekunywa mafuta yangu yote."

Nikamuuliza, sasa kwa nini alimwacha aende?

Alinitazama kama mtoto asiyeelewa neno. "Vingekuwa vitamu, ningemwambia kazi imekwisha, njoo uolewe."