Bei za Nyumba kwa Muuza Kahawa

Muuza kahawa wa pale stesheni ya Tabora hamimini kikombe mpaka taarifa ya habari iishe. Redio ndogo huibana begani, sikio moja liko Dodoma na jingine kwa wateja, na kila akipata hoja huvigonganisha vikombe kama Spika anayetuliza Bunge. Asnath, aliyempangisha chumba cha uani, alikwisha kumzoea. Lakini tangu atangaze kuiuza ile nyumba, siasa za nchi zimeharibika ghafla. Leo alipita na mnunuzi kutoka Igunga, na muuza kahawa wala hakuulizwa.

"Nyumba zinashuka bei, mzee wangu," akasema huku akimmiminia. "Bajeti imekaa vibaya, wabunge wanavutana. Mwenye akili asubiri uchaguzi upite."

Mnunuzi akanywa, akashukuru kwa kuelimishwa, akarudi kwao Igunga.

Asnath hakugomba. "Kama mambo ndiyo hayo, siuzi tena. Nahamia mwenyewe, na hicho chumba chako nakifanya jiko."

Jamaa akakohoa, akaongeza sauti ya redio.

"Tusiwe na haraka, mama. Tusikilize kwanza taarifa ya saa kumi. Huenda bei imepanda."